Nilivyoezua paa la nyumba yetu nikajengea banda la maonyesho Musoma, mwenye nyumba akiwa Rukuba

Wakuu, habari za humu. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana najua wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja analia. Ameagiza banda la maonyesho la vyuma vya kuchomeka, mafundi wamechukua siku nzima kulisimamisha na nusu siku kulibomoa. Watu wakampa pole kurasa tatu.

Mimi sikumpa pole. Nilicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye uji.

Shule nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Na ninachosema nimekifanya kwa mikono yangu hii. Anayebisha aje Kabasa, Bunda, nitampa ngazi apande juu ya nyumba yangu aangalie. Kila bati lina matundu ya kugongwa mara tatu. Akishuka aniombe msamaha.

Tuendelee.

Ilikuwa ile miaka ruksa ya biashara ndiyo inaanza kuingia. Mliozaliwa juzi hamjui. Kabla ya hapo duka lilikuwaga na mwenye duka tu, basi. Sabuni tunapanga foleni, ukifika mbele imeisha, unabaki umeshika kikapu. Tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Halafu ruksa ikaja, tukaanza kuona khanga, betri za redio, mitumba.

Lakini bati, wakuu, bati lilikuwa bado ni kitu cha kuona kwa watu.

Sisi tulikuwa nayo kumi na mawili.

Mume wangu, Baba Magesa, alitoa ng'ombe na akangoja misimu miwili ya pamba mpaka akayapata. Akaezeka mwenyewe. Hakuwa fundi, na nilimwambia hakuwa fundi. Paa likavuja sehemu moja, juu ya kitanda chetu, upande wa kichwa chake. Maji yakachora doa la kutu kwa ndani ya bati. Doa lina umbo la kobe, kichwa amekitoa nje.

Mtu mwingine angekasirika. Yeye akampenda.

Kila asubuhi anafungua macho, anamwangalia kobe wake, halafu anasema, "Mama Magesa, chai." Kila siku ya Mungu. Na mvua ikinyesha anazima redio ili asikilize mabati yake.

Nawaeleza haya ili mjue nilichokigusa.

Baba Magesa kwao ni watu wa ziwani. Pamba alilima kwa sababu alinioa mimi, sisi wa Bunda ndiyo wakulima. Lakini pamba ikishapimwa anaondoka, anaenda kambi ya Rukuba, kile kisiwa, kuvua dagaa. Akiaga anasema neno moja tu, "Wiki mbili." Na mimi nahesabu wiki mbili.

Shikeni hapo kwenye kuhesabu.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama, wa Kabasa na wa Manyamanyama. Tuko kumi na sita. Mwenyekiti mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa sicheki hovyo. Tulikuwa tunalima shamba la pamoja kwa jembe la mkono, akina mama kumi na sita na migongo kumi na sita.

Siku moja, Baba Magesa ana siku mbili tu tangu aende Rukuba, akaja Bwana Afisa wa maonyesho. Kalamu tatu mfukoni. Akasema mkoa una maonyesho ya wakulima Musoma, na mwaka huu kila kikundi kijenge banda la kuonyesha nyumba bora ya mkulima.

"Atakayeshinda anapewa plau mpya," akasema.

Plau, wakuu. Ya kukokotwa na ng'ombe. Niliona wenzangu wote wamenyoosha migongo.

Nikamuuliza, "Tuezeke nyasi?"

"Nyasi hapana, mama. Mkoa unataka maendeleo. Bati."

"Na bati unatupa wewe?"

"Hapo sasa ndiyo tunataka kuona ubunifu wenu."

Akapanda gari akaenda na kalamu zake.

Wenzangu wakaangalia chini. Halafu mmoja mmoja wakaanza kuangalia juu. Juu ya nyumba yangu.

Nikasema, "Hapana."

Kulikuwa na Nyangeta, rafiki yangu wa tangu tunachunga mbuzi. Huyu hata msibani alikuwaga anakalishwa nyuma kabisa, maana akikaa mbele watu watacheka. Akaniuliza kwa upole, "Mwenyekiti, maonyesho siku ngapi?"

"Sita."

"Kujenga?"

"Tuseme siku nne."

"Na shemeji kasema wiki mbili, kaondoka juzi." Akahesabu kwa vidole, vikabaki viwili. "Basi mabati yaende Musoma yakatembee, yarudi, yapumzike siku mbili, ndiyo mwenyewe aje. Hata hatajua kama yalisafiri."

Nilitakiwa nimfukuze. Badala yake nikaanza kuhesabu na mimi.

Tulikuwa tunaishi na mama mkwe, Bibi Nyanjiga. Mama wa watu, mpole, anavuta kiko. Nikaenda nikamweleza kila kitu, maana mimi sifichi, na pia kitanda chake kilikuwa chini ya mabati yale yale.

Akavuta kiko, akasema, "Chukueni. Nimelala chini ya nyasi miaka yote na sikufa. Nitaenda kwa binti yangu Manyamanyama."

Halafu akasema, "Ila mimi sijaona kitu."

Na ndiye aliyeshika ngazi.

Fundi wetu alikuwa Mzee Majura, mtengeneza milango na majeneza. Ni mtu asiyependa haraka, anasema wateja wake wa majeneza hawajawahi kumharakisha. Akaezua mabati kumi na mawili, akanyoosha kila msumari juu ya jiwe, kwa sababu misumari nayo ilikuwa haipatikani. Juu ya nyumba tukafunga turubai la kanisa.

Nilipoangalia ile nyumba ina turubai nikarudi nyuma hatua mbili. Nyangeta akasema, "Imekaa kama mtu aliyetoka kunyoa."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa mwenyekiti.

Tukapata lori la pamba linaenda Musoma. Tukapanda na mabati, fito, vyungu na kamba. Butiama dereva akakubali kuingia, tukachukua kitanda cha kamba kwa dada yangu, maana nyumba bora bila kitanda ni stoo. Dada akasema, "Kirudi." Nikamwambia, "Dada, safari hii kila kitu kinarudi."

Naona kuna memba ameshakomenti "mama fupisha". Nifupishe nini? Nikishafupisha wewe utafanya kazi gani huko kazini kwako? Tulia.

Musoma tukaoneshwa kiwanja chetu, karibu na ziwa, kati ya kikundi cha wafuga kuku na kikundi cha wafuma vikapu.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na hakuna aliyetuambia. Sisi tulisikia "jengeni". Na sisi kujenga tunakujua.

Wenzetu walichomeka miti myembamba, wakazungushia khanga na magunia, wakaweka meza, wamemaliza kabla ya saa sita. Sisi saa sita ndiyo tulikuwa tunachimba mashimo ya nguzo, kina cha magoti. Tukafunga fito. Tukakanyaga udongo kwa miguu, tukakandika ukuta ndani na nje. Tukasiriba kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Tukachora mapambo kwa chokaa. Mzee Majura akapanda juu na mabati, na kwa sababu upepo wa ziwa haumjui mtu, kila msumari akaukunja ncha kwa ndani ya mti, ukalala kabisa.

Mwenyekiti wa wafuga kuku, mwanamume mmoja mfupi mwenye kofia ya pama, akaja akasimama siku ya tatu. Akagonga ukuta kwa kidole.

"Mama, mnahamia?"

"Wewe angalia kuku wako."

"Nauliza tu. Maana hata mimi nyumba yangu haina ukuta kama huu."

Maonyesho yakafunguliwa. Na asubuhi ya kwanza nikafanya kitu bila hata kufikiri, mikono yenyewe ilifanya. Nikaweka mafiga matatu ndani, nikawasha moto, nikapika ugali wa mtama na muhogo na ngege wawili, samaki wa ziwani. Tukakaa chini tukala.

Kwa sababu kwetu nyumba mpya inafanyiwa hivyo. Haijawashwa moto ni kichaka cha miti. Ikishawashwa, ikapikwa, watu wakala, basi ni nyumba.

Ule moshi, wakuu, ulileta watu. Wenzetu wameweka mahindi mezani na karatasi imeandikwa "mahindi". Sisi mtu anaingia anakuta moto, ugali, kitanda kimetandikwa, na Nyangeta anamwambia, "Karibu, pita, funga mlango kuku wasiingie." Watu walikuwa wanavua viatu. Mama mmoja wa mjini aliuliza choo kiko wapi, na sikumlaumu.

Siku zile nilijisikia kama msichana. Tulikuwa tunaimba tangu asubuhi. Mimi, ambaye nyumbani nikicheka watoto wananyamaza kwa woga, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Siku ya tano jioni ndiyo nikashtuka. Nikamwambia Mzee Majura, "Kesho majaji wakishapita, unaanza kuezua. Lori nimeshaongea nalo."

Mzee Majura akaweka kikombe chini.

"Siezui."

"Unasemaje?"

"Hii mlishaipikia. Ni nyumba. Nyumba iliyowashwa moto haibomolewi na aliyeijenga. Msumari wa kwanza anang'oa mwenye paa."

"Mwenye paa ni mimi."

"Wewe ni mama wa nyumba. Mwenye paa ni yule aliyetoa ng'ombe. Yuko wapi?"

Na alijua yuko wapi.

Nikamwambia lile ni banda la maonyesho. Akasema, "Mbona ulikula ugali humo?" Kusema kweli, mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa mzito. Ningeweza kuchukua nyundo. Sikuichukua. Mambo ya kwetu ukiyacheka mchana, yanakukuta umelala.

Nyangeta akasema tutafute mwanamume yeyote awe mwenye paa wa muda. Akamleta yule wa kuku. Mzee Majura akamuuliza swali moja tu, "Paa hili linavuja wapi?" Wa kuku akasema paa jipya halivuji. "Mrudishe," akasema Mzee Majura.

Nikiwa bado nimesimama pale, Bwana Afisa akaja anatabasamu. "Mama, hongereni. Wengine watabomoa kesho, ila la kwenu libaki. Kuna mgeni mkubwa anakuja wiki ijayo, tutampitisha hapa."

Basi hesabu yangu ndiyo hiyo. Mume anarudi baada ya siku chache atakuta turubai la kanisa. Paa liko Musoma, serikali inalitaka. Na mtu pekee anayeweza kuling'oa ni yule yule ninayemkimbia.

Asubuhi ya siku ya sita nikaenda stendi kumbembeleza dereva wa lori angoje. Akakubali mpaka alasiri. Narudi, naona watu wamejaa mlangoni kwetu. Nyangeta kasimama ameziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtoka.

"Mwenyekiti usipige kelele."

"Kuna nini?"

"Amelala."

Nikaingia. Kitandani kuna mtu kalala chali, kajifunika kofia usoni. Miguu ile naijua. Kidole gumba cha kulia kina kovu la nyavu.

Wakuu, nilikaa juu ya chungu. Kikapasuka.

Nyangeta akaninong'oneza. Baba Magesa kashuka na mtumbwi asubuhi, kapita uwanjani kununua tumbaku ya mama yake, kaona moshi, kamwona Nyangeta. Kamuuliza, "Shemeji, mwenyekiti wako yuko wapi?" Nyangeta kwa hofu akampa ugali, halafu akampa tena, akampa na ngege mzima, akiwaza kwamba tumbo likijaa macho hayaendi juu. Hayakwenda. Mtu katoka kuvua zaidi ya siku kumi, kashiba, kaona kitanda. Kaanguka.

"Lakini kasema wiki mbili," nikasema.

Mzee Majura alikuwa kakaa pembeni. Akasema, "Mwezi umejaa, mama."

Hapo ndipo nilipojiona mjinga kamili. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa hawaji kwenye taa, kambi nzima inapumzika, watu wanarudi nyumbani. Kila mtoto wa ziwani anajua. Safari zote Baba Magesa alikuwa anaondoka giza likianza, ndiyo wiki mbili zake. Safari ile alichelewa, alingoja pamba ipimwe. Yeye alichelewa, mwezi haukuchelewa. Na mimi mtu wa pamba nilihesabu vidole vya Nyangeta, sikuangalia juu hata mara moja.

Kabla sijaamua nimwamshe au nikimbie, majaji wakaingia. Watatu, na Bwana Afisa mbele.

Jaji mwanamke akaangalia moto. Akaangalia ukuta. Akaangalia kitanda.

"Na huyu?"

Nyangeta hakumeza hata mate. "Huyo ni mwenye nyumba. Nyumba bora ina mwenyewe."

"Analala hivi siku zote?"

"Akishakula."

Jaji akaandika. Naapa aliandika. Jaji mwingine akainama akamwangalia kwa karibu, akamwambia mwenzake, "Anakoroma kweli huyu, haigizi."

Na ndipo kofia ikadondoka, Baba Magesa akafungua macho.

Akaangalia juu. Mimi najua anachokiona. Mzee Majura, bila kujua, alikuwa ameliweka lile bati juu ya kitanda. Kobe alikuwa pale pale, kichwa nje, upande wa kichwa chake.

Baba Magesa akajinyoosha, akasema kama kila siku, "Mama Magesa, chai."

Watu walianguka. Nasema walianguka, wengine walishika ukuta. Jaji mwanamke akatoka nje akiwa ameinama. Yule wa kuku alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kofia imemtoka.

Mimi nikafanya kitu cha ajabu. Nikampelekea chai. Ilikuwa tayari motoni.

Akapokea kikombe, akanywa. Akaona majaji. Akaona kalamu tatu za Bwana Afisa. Akamwangalia tena kobe. Akashuka kitandani na kikombe chake, akatoka nje, akalizunguka banda lote taratibu, akarudi.

"Mama Magesa."

"Bee."

"Nyumbani juu kuna nini?"

"Turubai."

"La nani?"

"La kanisa."

"Na mama yangu?"

"Yuko kwa dada yako. Ndiye aliyeshika ngazi."

Nilikuwa nimesimama wima, maana kosa nimelifanya nimesimama wima. Nikasema, "Nimetoa paa lako kwa ajili ya plau. Nilitaka lirudi kabla hujajua. Sikuuangalia mwezi. Sasa sema."

Akanywa chai yote kwanza. Mume wangu alikuwa hana haraka, ndiyo maana walielewana na Mzee Majura.

"Nani kapiga hii misumari?" akauliza.

"Mimi," akasema Mzee Majura.

"Upepo wa jana ulikuwa mkali hapa?"

"Sana."

"Na mvua?"

"Juzi ilinyesha."

"Ilivuja?"

"Hapana."

Akamwangalia kobe muda mrefu. "Miaka yote ananidondoshea maji kichwani," akasema. "Kumbe alikuwa anamngoja fundi."

Akaanza kucheka. Anacheka polepole, inaanzia mabegani. Mimi nilipoona mabega nikajua nimepona, nikakaa. Safari hii si juu ya chungu.

Nikamweleza habari ya msumari wa kwanza. Hakuuliza mara mbili, naye ni wa huku. Akaomba nyundo. Bwana Afisa akaruka, "Mzee, hapana, hili banda linabaki, kuna mgeni."

Baba Magesa akamuuliza, "Wewe kwenu wapi?"

"Butiama."

"Humu wamewasha moto, wamepika, watu wamekula, mwenyewe nimelala na nimeamka nimepewa chai. Kwenu hii inaitwa nini?"

Bwana Afisa akafunga daftari. Akasema, "Kwetu hiyo ni nyumba ya mtu."

"Basi mgeni wako akija, mlete Kabasa."

Akapanda. Akang'oa msumari wa kwanza, akaurusha chini, Mzee Majura akaudaka, na hapo hapo vigelegele.

Sasa kubomoa, wakuu. Yule kijana wa nusu siku asikie hapa. Wenzetu walivuta khanga, wakakunja, wakaenda. Sisi kila msumari umekunjwa ncha, lazima uunyooshe kwanza ndiyo uutoe. Ukuta umekauka kama jiwe. Nguzo tulivuta watu wanane, haikutingishika, mpaka wafuga kuku wakaja na wafuma vikapu wakaja. Tukaimba wimbo wa kuvuta, nguzo ikatoka ghafla, watu wote tukaanguka chali kama dagaa juani. Udongo kichwani. Ukuta uliposhuka vumbi likafunika uwanja mzima, na katikati ya vumbi nikasikia kipaza sauti kinataja kikundi chetu. Wa kwanza.

Nilipokea plau sioni mbele. Jaji mwanamke aliniambia sikioni, "Tulikuwa tunabishana, mpaka alipoomba chai."

Lori likaondoka alasiri, mabati yanapiga kelele chini, plau juu, sisi juu ya plau. Butiama dada yangu akatoka kuchukua kitanda, akakuta shemeji yake amekikalia. Akamwambia, "Hata wewe unarudishwa?"

Kesho yake Mzee Majura akaezeka nyumba yetu upya, Kabasa nzima inaangalia. Bibi Nyanjiga karudi kutoka Manyamanyama, kakaa kwenye kigoda anavuta ile tumbaku ya Musoma. Nikamuuliza kwa heshima, "Mama, wewe hukujua kwamba mwezi unajaa?"

"Niliuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilikuwa nataka plau."

Mvua ikaja ile ile wiki. Baba Magesa akazima redio. Tone hata moja halikudondoka.

Lakini asubuhi akafungua macho, akaangalia juu. Nangoja neno la chai, halisemwi. Namwangalia, anazungusha macho tu kwenye mabati. Kobe hayupo. Mzee Majura alichanganya mabati, kobe yuko upande wa pili, juu ya mlango.

Nikasema, "Nimwite fundi ayabadilishe?"

"Mabati yamegongwa mara tatu," akasema, "yaache yapumzike."

Akaamka, akakivuta kitanda mpaka mlangoni. Akalala tena, chali, akamtafuta kobe, akampata.

"Mama Magesa, chai."

Kitanda kiko pale mpaka leo. Mlango ukifunguliwa unagonga mguu wa kitanda, mgeni anaingia kwa ubavu. Watoto wangu wamesema tukirudishe, fundi wa siku hizi amesema chumba kimepangwa vibaya. Nimewaambia wote wanyamaze. Mzee yuko kitandani hapo hapo sasa hivi ninavyoandika, amezeeka, masikio hayasikii mvua vizuri, lakini kobe anamwona.

Somo langu ni fupi. Banda la maonyesho lisimamishe, usilijenge. Ukilijenga, usilipikie. Ukilipikia, basi ujue mwenyewe atakuja.

Na ukiazima kitu cha mvuvi, angalia mwezi, usiangalie vidole vya rafiki.

Haya, nanyi semeni. Nani humu aliwahi kuchukua kitu cha nyumbani kikaenda kwenye shughuli kabla mwenyewe hajarudi? Andikeni kweli, nitasoma zote. Wa "mama fupisha" na wewe andika, ila usifupishe.